Kwaya Isiyosikiana: Sanaa za Maonyesho Mtandaoni kwa Wanaoishi na Jeraha la Ubongo

Ukichungulia kikao cha kwaya ya mtandaoni ya watu wanaoishi na jeraha la ubongo, utaona nyuso kumi au kumi na mbili, kila uso katika kijisanduku chake, midomo ikifunguka na kufumba pamoja. Utakachosikia ni sauti moja tu, ya kiongozi. Vipaza sauti vya wengine wote vimezimwa. Kila mwanakwaya anajisikia mwenyewe chumbani kwake na anamsikia kiongozi kwenye spika. Jirani yake wa kijisanduku cha pili hamsikii kabisa. Anayeona hayo kwa mara ya kwanza huuliza swali la haki: kwaya isiyosikiana ni kwaya kweli?

Nalichukua swali hilo kuwa mlango wa kuingilia mada hii, kwa sababu huwezi kulijibu bila kujua intaneti inabebaje sauti, ubongo ulioumia unafanyaje kazi, na tiba inatofautianaje na sanaa. Kwa kawaida mambo hayo huzungumzwa na watu tofauti wasiokutana, na wanaopata hasara ni wenye majeraha.

Intaneti kwanza, maana ndiyo nyepesi. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde. Wanamuziki wawili waliosimama mita kumi mbalimbali husikiana kwa kuchelewa kwa karibu milisekunde 30 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), na hapo ndipo mdundo unapoanza kuwasumbua: kila mmoja anamsubiri mwenzake, na wimbo unazidi kuburuta. Kwenye vikao vya kawaida vya video ucheleweshaji mara nyingi hupita milisekunde 100, sawa na kuimba na mtu aliye zaidi ya mita 34 kutoka ulipo. Isitoshe, programu hizi ziliundwa kwa ajili ya mazungumzo. Huipa nafasi sauti ya mtu mmoja na kuzifinya nyingine, na muziki huuchukulia kuwa kelele za kuchujwa. Ipo programu ya JackTrip, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, inayopunguza sana ucheleweshaji huo, lakini ili ifanye kazi vizuri inataka kompyuta iliyounganishwa kwa waya, vipokea sauti vya masikioni na mtu wa kurekebisha mipangilio. Kwa mtu ambaye kuingiza nywila tu kunamchosha, njia hiyo haimfai.

Basi kiongozi anazima vipaza sauti. Mitambo ndiyo iliyomlazimisha, lakini uamuzi huo unawafaa wanakwaya hawa kwa namna ambayo haungewafaa waimbaji wengine. Sababu iko kwenye jeraha lenyewe.

Jina moja, majeraha mengi

Jeraha la ubongo ni jina pana. Lipo linalotokana na pigo: kuanguka, ajali ya barabarani, kupigwa kichwani. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yaliweka idadi ya wanaopata jeraha la aina hiyo duniani kuwa takriban watu milioni 69 kila mwaka, walio wengi wakipata jeraha jepesi. Na lipo linaloanzia ndani ya mwili: kiharusi, uvimbe, homa ya uti wa mgongo, virusi vinavyoushambulia ubongo, au ubongo kukosa oksijeni kwa dakika kadhaa moyo unaposimama. Kikao kimoja cha mtandaoni huweza kuwakusanya watu wa asili zote hizo. Ndiyo maana mtu akiniambia ana programu ya wenye jeraha la ubongo bila kueleza zaidi, huwa bado sijajua ana nini.

Mmoja anaelewa kila linalosemwa, ila maneno hayamtoki. Hali hiyo huitwa afasia. Mwingine anaongea vizuri, tena kwa mvuto, lakini baada ya dakika tano hakumbuki mlichokubaliana. Mwingine anakumbuka na anaongea, ila hawezi kuanza: anajua anataka kuinuka, anajua namna ya kuinuka, na bado amekaa. Hali hiyo ndiyo familia huisoma vibaya kuliko zote. Huitwa uvivu, huitwa kukata tamaa, kumbe kilichoumia ni sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayoyawasha matendo. Yupo asiyetambua kabisa upande wa kushoto wa dunia yake ingawa macho yake ni mazima.

Na karibu wote wana uchovu. Si ule wa kulala usiku ukaamka mzima. Ubongo ulioumia hutumia nguvu nyingi kwa kazi ambazo zamani zilijiendea zenyewe, kama vile kuchuja kelele au kufuata mazungumzo ya watu watatu, na akiba yake inapoisha huisha ghafla. Programu isiyoanza na uchovu huo imeanza pabaya, hata kama wasanii wake ni hodari.

Wimbo na maneno yaliyopotea

Mwaka 1745 mwandishi wa Sweden, Olof Dalin, alieleza habari za mtoto wa mkulima aliyepooza upande wa kulia na kubaki na neno moja tu, "ndiyo". Mtu huyo aliweza kuimba tenzi alizojifunza kabla ya kuugua, maneno yakimtoka wazi kama ya mtu mwenye afya. Dalin aliongeza mambo mawili ambayo wasimuliaji wengi huyaruka. La kwanza, mwanzoni mwa wimbo ilibidi mtu amsaidie kidogo kwa kuimba naye. La pili, kwa msaada huohuo aliweza pia kusema baadhi ya sala bila kuziimba, mradi azitamke kwa mdundo.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1861, daktari Paul Broca wa Paris aliuchunguza ubongo wa mgonjwa aliyekuwa akitamka silabi moja tu, "tan", akakuta umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Kutokana na ugunduzi huo na mingine iliyofuata, maelezo rahisi yalienea: lugha hukaa nusu ya kushoto ya ubongo, muziki nusu ya kulia, kwa hiyo anayeimba anapita barabara ya pili. Mwaka 1973 watafiti wa Boston walitangaza mbinu iliyojengwa juu ya wazo hilo. Mgonjwa huimba kishazi kifupi kwa mahadhi ya sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkono wake wa kushoto ukigonga kila silabi; kisha mahadhi huondolewa kidogo kidogo hadi yabaki maneno matupu. Gabrielle Giffords, mbunge wa Marekani aliyepigwa risasi kichwani Januari 2011, ni miongoni mwa watu maarufu ambao muziki uliingizwa katika safari yao ya kurudisha usemi.

Lakini mwaka 2011 watafiti wa Leipzig, wakifanya kazi na wagonjwa 17 wenye afasia, walitenganisha mahadhi na mdundo. Waliona kwamba mahadhi peke yake hayakuongeza kitu kikubwa. Kilichosaidia ni mdundo, na pia maneno kuwa yale yaliyozoeleka, yaliyokwisha kukaa kinywani kwa miaka. Matokeo hayo yananirudisha kwa yule mtu wa mwaka 1745 na sala zake za mdundo. Miaka zaidi ya 260 kabla ya maabara, mwandishi makini alikwisha kuliona jambo hilo na kuliandika.

Hapa niseme jambo ambalo familia hustahili kuambiwa siku ya kwanza. Mtu kuimba wimbo mzima hakumaanishi kesho ataweza kuomba maji kwa maneno yake mwenyewe. Maneno ya wimbo uliozoeleka hutoka kama mnyororo, pete moja ikiivuta nyingine. Sentensi mpya haina mnyororo huo. Wimbo una thamani yake yote hata hivyo. Ila matumaini yasiyofafanuliwa huvunjika, na anayeumia zaidi yanapovunjika ni yule aliyedhaniwa amepona.

Sasa turudi kwenye kwaya yetu ya kimya. Mtu wa namna ya yule wa Dalin anahitaji nini? Sauti moja thabiti ya kuanza naye, mdundo usioyumba, na mahali ambapo neno likitoka limepinda hakuna atakayegeuka kumtazama. Ukumbini, sauti thelathini zinagonga kuta na kurudi, na ubongo usioweza kuchuja unazama humo. Kikao chenye vipaza sauti vilivyozimwa kinampa sauti moja, ya karibu, iliyo safi. Mtandao umempa, kwa bahati, kile ambacho kwaya ya ukumbini ingempa kwa shida.

Hasara nayo ni ya kweli, wala haifai kufichwa. Watu huenda kwenye kwaya ili wazungukwe na sauti za wenzao, na hilo halipo. Viongozi wazuri hulipia pengo hilo kwa macho na majina. Huacha kamera zote wazi kwa anayependa, humtaja kila mtu kwa jina zaidi ya mara moja, hufungua kipaza sauti kimoja kimoja kwa ubeti mfupi, na huwa na ishara za mikono za kupongezana ambazo kila mtu anaziona kwa wakati mmoja.

Mwili unaokumbuka, jukwaa linalowasha

Mwaka 1962 mwanasaikolojia Brenda Milner alieleza majaribio aliyomfanyia Henry Molaison, ambaye upasuaji wa mwaka 1953 ulimwacha asiweze kutunza kumbukumbu mpya. Alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Kwa siku tatu mfululizo mkono wake ulizidi kuwa hodari, ingawa mwenyewe hakukumbuka kwamba amewahi kuifanya kazi hiyo. Ubongo una zaidi ya ghala moja: moja la matukio, jingine la ujuzi wa mwili, na moja laweza kubomoka jingine likabaki limesimama.

Ndiyo maana katika vikao vya dansi mtu anaweza kuapa kwamba hajawahi kuhudhuria, halafu mabega yake yakaanza kuzunguka kabla kiongozi hajatoa maelekezo. Kwa sababu hiyo mazoezi ya kupasha mwili moto hayapaswi kubadilishwa kila wiki kwa kuogopa kuwachosha washiriki. Kwao, kurudia kulekule ndiko kunakojenga.

Kumbukumbu ina somo jingine, nalo mara nyingi huvunjwa kwa nia njema. Mwaka 1994 wanasaikolojia Alan Baddeley na Barbara Wilson walionyesha kwamba watu wenye upungufu mkubwa wa kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa wasikosee tangu mwanzo, kwa kuwa asiyekumbuka tukio la kusahihishwa hubakia na kosa lenyewe. Kiongozi anayeuliza kwa uchangamfu, "Nani anakumbuka mstari unaofuata?" anawapandia makosa. Aandike maneno kwenye skrini, makubwa, mistari miwili kwa wakati mmoja.

Maigizo yana nguvu ya aina nyingine. Yule asiyeweza kuanza, aliyeitwa mvivu, katika mchezo wa kuigiza anapewa kitu ambacho maisha ya kawaida hayampi: kidokezo. Mwenzake anasema, "Umechelewa wapi?" na zamu ni yake, na kila mtu anangoja. Cheche ambayo ubongo wake hauwezi kuitoa ndani inatoka nje. Halafu kuna suala la heshima. Kwa miezi mingi mtu huyu amekuwa akipokea maelekezo: meza dawa hii, inua mguu, vuta pumzi. Kwenye jukwaa anaulizwa achague awe mfalme au mwizi, afe au aokoke. Sijui zoezi la hospitalini linalouliza swali kama hilo.

Sauti na sura pia hupata kazi. Wengi baada ya jeraha hushindwa kusoma hasira au huzuni usoni mwa mwenzao, na hilo huvunja ndoa na urafiki kimyakimya. Kuitamka sentensi moja kwa ukali, kisha kwa kubembeleza, kisha kwa hofu, ni mchezo wa kawaida wa waigizaji, na hapa unakuwa mazoezi ya jambo ambalo mshiriki atalihitaji jioni hiyohiyo mezani.

Dansi ndiyo inayodai uangalifu mkubwa mtandaoni, maana mtu akiyumba hakuna wa kumdaka. Wengi huicheza wakiwa wameketi, kiti kikiegemezwa ukutani, na mtu mwingine wa nyumbani akijua kikao kinaendelea. Kamera nazo huchanganya kushoto na kulia, jambo dogo kwangu na kwako ila zito kwa aliyepoteza hisia ya upande mmoja. Kufunga utepe kwenye kifundo cha mkono mmoja na kusema "mkono wenye utepe" huondoa tatizo hilo bila maelezo marefu. Na kwa asiyetambua upande wa kushoto, kiongozi aliyewekwa kwenye kijisanduku cha kushoto juu ni kama hayupo. Picha yake ikuzwe ijaze skrini.

Ushahidi unafika wapi

Ni rahisi kusikia watu wakisema muziki huponya ubongo. Kauli hiyo ni kubwa kuliko ushahidi, lakini ushahidi uliopo si mdogo. Mwaka 2008 watafiti wa Finland waliwafuatilia watu 60 waliopata kiharusi. Kundi moja lilisikiliza kila siku muziki wa kujichagulia, jingine vitabu vya kusikiliza, la tatu halikupewa kitu cha kusikiliza. Waliosikiliza muziki walirudisha kumbukumbu ya maneno na uwezo wa kukaza fikra kuliko wengine. Mwaka 2020, nchini humohumo, watu 40 wenye jeraha la pigo walipitia miezi mitatu ya tiba ya muziki wakipiga ngoma na kinanda. Uwezo wao wa kuhama kutoka wazo moja hadi jingine uliongezeka, na picha za ubongo zilionyesha mabadiliko katika sehemu ya mbele. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 29 yenye washiriki 775, yaliona dalili nzuri hasa katika kutembea kwa kufuata mdundo, lakini yakaonya kwamba majaribio mengi yalikuwa madogo na ubora wa ushahidi ni hafifu.

Na mtandaoni? Jaribio kubwa lililo karibu na mada hii, ninaloliheshimu, halihusu jeraha la ubongo. Ni programu ya kuimba na kupumua ya English National Opera, kampuni ya opera ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 2020 kwa ajili ya watu walioendelea kuugua baada ya UVIKO-19. Jaribio la watu 150 lililochapishwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba wiki sita za vikao vya mtandaoni ziliboresha hali ya akili ya washiriki na kupunguza baadhi ya matatizo ya kupumua. Linathibitisha kwamba skrini haiui wimbo. Halithibitishi kwamba wimbo wa kwenye skrini hujenga ubongo upya, na anayeuza programu yake kwa ahadi hiyo aulizwe maswali makali.

Hapa ndipo tiba na sanaa huachana. Tiba ya muziki huongozwa na tabibu aliyesomea kazi hiyo, ina lengo lililoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja, na hupimwa. Programu ya sanaa huongozwa na msanii, lengo lake ni kazi ya sanaa, na anayeshiriki ni msanii mwenzake. Nchini Uingereza, shirika la Rosetta Life lilianzisha Stroke Odysseys, ambamo walionusurika kiharusi hutunga nyimbo, miondoko na maneno pamoja na wasanii na kuyapeleka jukwaani. Kazi hiyo ikawa sehemu ya utafiti wa SHAPER, wa sanaa na afya, ulioongozwa na King's College London na UCL, vyuo vikuu vya London. Tiba na sanaa zote mbili zinahitajika. Ninachopinga ni kuziuza moja kwa jina la nyingine. Mtu aliyejiunga ili aigize akajikuta anapimwa bila kuambiwa amedanganywa, na aliyekuja kutafuta usemi wake akaishia kupewa burudani naye amedanganywa.

Skrini inadai malipo yake

Mwaka 2021 mtafiti Jeremy Bailenson wa Stanford alitaja vyanzo vinne vya uchovu wa vikao vya video: macho mengi yanayokukazia kwa ukaribu, kujitazama muda wote, kukosa nafasi ya kusogea, na juhudi ya kutoa na kusoma ishara zisizoonekana vizuri. Alikuwa akiwazungumzia watu kwa ujumla. Ongeza hayo juu ya uchovu niliousema mwanzoni, kisha fikiria mtu ambaye kiharusi kimeushusha upande mmoja wa uso, akilazimishwa kuutazama uso huo kwa saa nzima. Kumwonyesha namna ya kuficha picha yake mwenyewe ni jambo la dakika moja, na ningelifanya kabla ya jingine lolote.

Mengine ni ya kawaida lakini ndiyo yanayoamua nani anarudi wiki ijayo: kiungo kilekile kila kikao, simu ya kukumbusha saa moja kabla, dakika arobaini na tano zenye mapumziko katikati, ruhusa ya kulala chini kamera ikiwa imezimwa bila kuomba radhi. Kwa kuwa baadhi hupata kifafa baada ya jeraha, video zenye mwanga unaowaka na kuzima harakaharaka ziepukwe. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti unakataza kinachowaka na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja. Na ridhaa ya kurekodiwa iombwe kila mara upya, kwa maneno mafupi, kwa sababu aliyekubali mwezi uliopita huenda hakumbuki kwamba alikubali.

Rekodi zenyewe ndizo zinazonirudisha kwenye swali la mwanzo. Kwaya hizi husikiana siku moja: siku ya onyesho. Kila mtu hujirekodi nyumbani akifuata sauti ya kiongozi masikioni, anatuma, na mhariri anaziweka sauti zote juu ya nyingine. Halafu wote huitwa kwenye kikao, na kwa mara ya kwanza yule wa kijisanduku cha pili anasikika.

Mhariri hukutana na sauti zilizochelewa. Neno limetoka nusu sekunde baada ya wengine, au limetoka nusu. Kwenye kompyuta ni kazi ndogo kulivuta neno hilo likae mahali pake, au kulifuta kabisa, na wimbo ukawa safi. Wapo wahariri wanaofanya hivyo kwa upendo, ili mtu asiaibike. Mimi naona isifanyike kabla mwenye sauti hajachezewa matoleo yote mawili, lililonyooshwa na lililoachwa, akachagua. Apewe muda wa kujibu, hata kama jibu litachukua dakika nzima kutoka.